Mshiko wa fimbo unateleza katika joto na unyevu wa Kisumu: mnafanyaje?

Mgeni wa Milimani

Salamu kwenu, wanagofu. Nilikuwa nikicheza Nakuru, chini ya Menengai, na sasa kazi imenileta Kisumu. Hendikapu yangu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo anavyocheza vizuri) ni 16, natumia mkono wa kulia, na kwa miaka mingi nimeshika fimbo kwa namna ile ya kawaida ambapo kidole kidogo cha mkono wa kulia hulala juu ya mwanya ulio kati ya kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto. Huko Nakuru sikuwahi kupata shida, hata mwezi wa Februari jua linapowaka, kwa sababu jasho lilikauka lenyewe kabla sijaufikia mpira. Hapa mambo ni mengine kabisa.

Siku za Jumamosi tunaanza saa saba mchana, na mashimo ya mwanzo huenda vizuri. Kufikia katikati ya mchezo glavu imelowa hadi imebadilika rangi, kiganja cha kulia kinang'aa kwa jasho, na draiva, ile fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, hunizungukia mkononi wakati wa kuugonga mpira. Mpira unapinda kulia na kuishia kwenye miti. Nikiibana fimbo zaidi ili isizunguke, ndipo unapopinda zaidi. Hata hivyo, kinachonikera kuliko mipira kupotea ni kwamba sishiki fimbo kwa namna moja mara mbili mfululizo: mara mkono wa kushoto umegeukia kulia kupita kiasi, mara umeteremka chini ya mpini, mara vidole vimeachana, na sitambui hilo mpaka mpira umeshaondoka.

Nimenunua glavu mpya ya ngozi laini ya kondoo, ambayo inashika vizuri ikiwa kavu na kuwa utelezi mtupu ikilowa. Je, nibadilishe mshiko nifungamanishe kidole kidogo cha kulia na cha shahada cha kushoto, au niweke vidole vyote kumi kwenye mpini? Je, poda inaruhusiwa katika mashindano? Na ninyi wenyeji wa kando ya ziwa, mnafanyaje mikono ikae vilevile kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho?

Fundi wa Mipini

Karibu Kisumu, ndugu. Nianze na swali la kwanza ili tulimalize: usibadilishe mshiko. Huo unaoutumia ndio ulioenezwa na Harry Vardon, aliyetwaa taji la The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mara sita, ilhali Jack Nicklaus na Tiger Woods wamecheza maisha yao yote wakifungamanisha vidole. Namna vidole vya mikono miwili vinavyokutana ni suala la ukubwa wa mikono na mazoea ya mtu, na katika mishiko hiyo mitatu hakuna hata mmoja unaozuia jasho. Ukibadilisha sasa utakuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja, na hutajua ni lipi linalokutuma kwenye miti.

Ninachotaka ukitazame kwanza ni mpini. Wengi wanaoniletea fimbo zao hulalamikia glavu na hali ya hewa, na hawajawahi kuiangalia raba wanayoishika. Chukua draiva yako uilete penye mwanga, kisha utazame mahali kidole gumba cha kulia kinapokaa. Ikiwa mahali hapo panang'aa na pamebonyea kidogo huku sehemu nyingine ya mpini ikiwa imefifia, raba imechoka. Pitisha ukucha juu yake: raba nzima huukwamisha ukucha kidogo, na raba iliyokauka huuachia ukapita bila pingamizi. Kinachoikausha ni mafuta ya ngozi, jasho, losheni, na zaidi ya yote ile tabia ya kuacha mkoba wa fimbo ndani ya buti ya gari wiki nzima, gari likiwa limeegeshwa juani.

Kama raba bado ni nzima, ioshe. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi laini, usugue mpini wote hadi povu litoke jeupe, suuza, kisha ufute kwa taulo na kuuacha kivulini usiku kucha. Uelekeze mpini chini unapousuuza na uzibe kwa kidole kile kitundu kilicho kwenye kitako chake, kwa kuwa maji yakipenya humo huingia ndani ya bomba la fimbo, na fimbo za chuma hushika kutu kutokea ndani ambako huoni. Katika hali ya hewa ya hapa mimi huosha mipini yangu mara nyingi kuliko ninavyoosha vichwa vya fimbo, na wenzangu hunicheka kwa hilo.

Kama imekufa, badilisha, na utakapobadilisha omba mipini ambayo raba yake imechanganywa na nyuzi za pamba. Uso wake una ukakasi unaoendelea kuushika mkono hata ukiwa umelowa, na ndiyo maana wachezaji wa nchi zenye joto na mvua huipenda. Ubaya wake ni kwamba inachubua mkono usio na glavu. Iko ya mchanganyiko, ambayo ina nyuzi upande wa juu unaoshikwa na mkono wenye glavu na raba laini upande wa chini, nami ndiyo ninayowawekea wengi. Angalia pia unene. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto peke yake: ncha za kidole cha kati na cha pete zinapaswa kugusa kwa shida ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Zikizama ndani ya nyama, mpini ni mwembamba na utaubana hata siku ya baridi. Zisipofika, ni mnene na viganja vitashindwa kugeuka.

Sasa nikuambie kwa nini mpira unapinda zaidi unapobana, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha shida yako. Ni kweli fimbo huweza kuzunguka mkononi, lakini mara nyingi zaidi ni jibu la mkono wako kwa utelezi ndilo linaloupeleka mpira kulia. Mkono unapohisi kitu kinaponyoka hukaza wenyewe bila kukuomba ruhusa. Misuli ya sehemu ya chini ya mkono hukakamaa hadi kwenye kiwiko, viganja haviwezi tena kugeuka kwa uhuru, na uso wa fimbo hufika kwenye mpira ukiwa bado umefunguka upande wa kulia. Unaona umekwenda kulia, unabana zaidi, na mzunguko unaendelea. Kwa hiyo usitafute namna ya kubana vizuri, tafuta namna ya kufanya mkono usione haja ya kubana.

Mkono Mtupu

Mimi nachezea Kericho na sijavaa glavu tangu nilipojifunza mchezo huu. Mmarekani Fred Couples alishinda Masters, mashindano makubwa ya Marekani, ya mwaka 1992 bila glavu. Vua hiyo ngozi, uhisi fimbo moja kwa moja, na utaona kwamba mkono unajifunza wenyewe ni nguvu kiasi gani inatosha.

Nyar Kisumu

Kaka wa Kericho, nakuheshimu, lakini Kericho si Kisumu. Mvua ya kwenu ni ya baridi, na mkono ukishafutwa hukaa mkavu kwa muda. Hapa tuko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko karibu mita 1,850, na tofauti hiyo mgeni wetu ameihisi kwenye viganja kabla ya kuisoma kwenye ramani.

Nafanya kazi ya afya, kwa hiyo niruhusuni nieleze jinsi jasho linavyofanya kazi. Jasho hupoza mwili pale tu linapogeuka mvuke, na hewa iliyokwisha kujaa unyevu haina nafasi ya kulipokea, kwa hiyo linabaki juu ya ngozi huku mwili ukiendelea kutoa jingine. Viganja vina tezi za jasho kwa wingi kuliko sehemu nyingi za mwili, na tezi hizo huitikia wasiwasi kama zinavyoitikia joto. Mtu aliyeanza kuhofia kwamba fimbo itamponyoka hutokwa na jasho la viganja kwa sababu ya hofu hiyo hiyo. Hili linaungana na alichosema Fundi kuhusu kubana.

Nimeona pia watu wengi wakifuta viganja bila kukoma na kusahau kwamba maji mengi hayatoki humo. Yanatoka begani na kwenye kiwiko, yanateremka kwenye mkono na kuingia ndani ya glavu kupitia kifundo. Inua mikono yako baada ya kutembea feawei moja ndefu, ile njia ya nyasi fupi iendayo shimoni, na utaona mistari yake. Vaa mkanda wa kitambaa kinachofyonza kwenye vifundo vyote viwili, ubadilishe katikati ya mchezo, na glavu yako itadumu kavu kwa muda mrefu zaidi kuliko unavyodhani.

Losheni ya kuzuia jua na dawa ya kufukuza mbu ipakwe kwa mgongo wa mkono, au angalau nusu saa kabla ya kuanza, kisha viganja vioshwe kwa sabuni. Dawa za mbu zenye kemikali ya DEET hulainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo ni vyema zisigusane na glavu ya sinthetiki wala mpini. Wapo wanaopaka viganjani dawa ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini, ile ya kwapani, nayo husaidia ikipakwa usiku kwenye mkono mkavu, si asubuhi ya mchezo. Ikiwa viganja vinachuruzika hata ukiwa umeketi ofisini penye feni, hilo si jambo la gofu tena, muone daktari.

Kuhusu glavu ya ngozi, ihifadhi kwa ajili ya asubuhi. Kwa mchana wa Machi hadi Mei, wakati wa masika, mimi hutumia glavu za mvua, zile za kitambaa chenye manyoya mafupi ambazo huvaliwa mikono yote miwili na zimetengenezwa zishike zaidi zinapolowa. Watu hunitazama kwa mshangao kwa kuzivaa jua likiwa linawaka, lakini fimbo haizunguki.

Kedi wa Zamani

Mkubwa, nimebeba mikoba Kakamega na hapo Kisumu kwa miaka mingi, na yote waliyokuambia hawa ni ya kweli, ila nitaongeza lile ambalo kedi huliona kwa kuwa amesimama kando wakati mchezaji anatazama mpira.

Wachezaji wanaoteleza ni wale wanaovaa glavu kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho bila kuivua. Ivue mara tu baada ya kila pigo. Usiisokote ukaitia mfukoni mwa suruali, kwa maana mfuko wenyewe una joto na maji. Ining'inize kwenye mkoba ikiwa imefunguka vidole, upande wa kivuli, ili upepo uipite. Uwe na glavu tatu zinazopokezana, na usianike yoyote juani wala juu ya dashibodi, kwa kuwa ngozi itakakamaa. Ukifika nyumbani inyooshe kwa mkono na uilaze kwenye hewa, usiifungie ndani ya mkoba, la sivyo wiki ijayo utaitoa ikiwa na ukungu.

Taulo nazo ziwe mbili. Moja ni ya kulowesha, ya kufutia mipira na vichwa vya fimbo. Ya pili ni ya mikono na mipini peke yake, na mahali pake ni ndani ya mwavuli uliokunjwa nusu au chini ya kifuniko cha mkoba, wala isining'inie nje inakopigwa na kila tone. Kedi mzuri hatakupa fimbo kabla hajaufuta mpini kwa taulo hiyo kavu. Kama wako hafanyi hivyo, mwombe kwa upole, atafanya.

Sasa kuhusu kushika vilevile kila mara. Nimeona kwamba mchezaji anayebadilisha mshiko ni yule anayeshika fimbo akiwa ameshafika kwenye mpira, huku akitazama anakopeleka, mikono ikijitafutia nafasi yenyewe. Wewe shika ukiwa bado nyuma ya mpira. Futa mkono wa kulia, futa mpini, vaa glavu, kisha inua fimbo mbele ya kifua uso wake ukiwa umenyooka. Weka mkono wa kushoto kwanza, mpini ukipita kwa mshazari kutoka kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada hadi chini kidogo ya nyama ya kisigino cha kiganja, ufunge vidole vitatu vya mwisho, na ndipo mkono wa kulia ufuate. Tazama chini mara moja: uone vifundo viwili hadi vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto. Baada ya hapo usiachie wala usirekebishe. Mikono ikishakaa, ukaanza kuchezesha vidole kwa sababu unahisi maji, rudi nyuma uanze upya. Ni sekunde chache tu, na kanuni zinapendekeza pigo lipigwe ndani ya sekunde 40, kwa hiyo muda upo.

Halafu nikuombe jambo moja. Chukua ile glavu yako iliyokwisha kuchakaa, uitandaze mezani, utuambie imechakaa wapi.

Mgeni wa Milimani

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya kama mlivyosema. Kwenye draiva, mahali pa kidole gumba panang'aa na ukucha unapita bila kukwama, kwa hiyo hukumu ya Fundi imeshatolewa. Fimbo namba 7 na zile fupi ziko katika hali nzuri zaidi, na nimeziosha. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu.

Ama glavu, Kedi, imetoboka kwenye kisigino cha kiganja, pale chini ya kidole kidogo, na ngozi ya hapo imejikunja. Kwenye vidole haina tatizo. Kidole gumba nacho kimelika kidogo upande wa ndani.

Kedi wa Zamani

Nilishuku hivyo, mkubwa. Tundu likiwa kwenye kisigino cha kiganja, maana yake fimbo inasogea hapo kila unapopiga, na inasogea kwa sababu umeilaza kwenye kiganja badala ya vidoleni. Mtu akiishika hivyo hana namna ya kuizuia ila kubana, kwa kuwa kiganja hakina ncha za kuikamata, na Nakuru mkono mkavu ulikuwa ukikufichia jambo hilo. Isogeze kwenye vidole, nyama ya kisigino ikae juu ya mpini, isiwe pembeni yake. Kidole gumba kuchakaa ni dalili ya kukinyoosha mno kuelekea chini ya mpini. Kivute juu kidogo, kikae kifupi.

Uhakikishe kwa jani. Chuma jani moja la nyasi, uliweke kati ya kisigino cha mkono wa kushoto na mpini, kisha uinue fimbo polepole hadi juu. Likidondoka, vidole vyako vitatu vya mwisho vimefunguka huko juu, na ukishuka utalazimika kushika upya ukiwa njiani, ambako hakuna awezaye kushika vilevile mara mbili. Fanya hivyo nyumbani mikono ikiwa mikavu, hadi jani libaki, na ndipo ujaribu baada ya kuilowesha kwa makusudi.

Nyar Kisumu

Swali lako la poda halijajibiwa. Kanuni ya 4.3 ya Kanuni za Gofu inaruhusu poda, utomvu uliosagwa, na kitu kingine chochote cha kukausha au kulainisha mikono. Inaruhusu pia glavu za kawaida, na hata kuzungushia taulo au leso kwenye mpini. Isichoruhusu ni glavu au kifaa kinachoupa mkono msaada usio wa haki wa mahali pa kukaa au kiasi cha kubana. Ukiamua kuufunga mpini kwa utepe, uhakikishe hautengenezi uvimbe wala kiuno, maana mpini lazima ubaki mnyoofu. Kwa hiyo poda ni halali, lakini tumia kidogo sana, na kwenye mkono uliokwisha kufutwa. Ikimwagwa juu ya jasho hugeuka ugiligili, na ugiligili huo hujaza mifereji ya mpini ambayo umetoka kuiosha.

Uwanja wa hapa kando ya ziwa, kwa taarifa yako, unajulikana kwa kanuni yake ya zamani iliyomruhusu mchezaji kudondosha mpira mwingine iwapo wake ulitua karibu na kiboko au mamba. Kuhusu jasho hawakuandika lolote.

Mkono Mtupu

Hilo la fimbo kulazwa kwenye kiganja ndilo nililokuwa nikimaanisha. Bila glavu angelihisi zamani. Lakini nakubali kwamba Kisumu ni joto.

Mgeni wa Milimani

Jani limedondoka, Kedi. Nimelirudia nikiwa nimeuhamishia mpini vidoleni, likabaki, ingawa mshiko unahisi kuwa mgeni na dhaifu, na natamani kuukaza. Fundi, nikileta draiva itachukua muda gani, na je, naweza kuichezea Jumamosi hii?

Fundi wa Mipini

Udhaifu huo utauhisi kwa muda, vumilia. Kubadilisha mpini mmoja ni kazi fupi: unakatwa wa zamani, gundi ya utepe wa chini inakwanguliwa, unawekwa utepe mpya wenye gundi pande mbili, unaloweshwa kwa kiyeyusho, na mpini unasukumwa ndani na kunyooshwa kabla gundi haijashika. Kinachochukua muda ni kukauka. Kwa kawaida siku moja inatosha, lakini unyevu wa huku unanifanya nipende kuiacha siku mbili, kwa kuwa mpini uliowahishwa utazunguka juu ya bomba na utadhani ni jasho lako tena. Ilete kufikia Jumatano jioni. Wapo wanaokuja Ijumaa saa kumi na moja jioni, na hao huwa nawaazima draiva yangu.

Uje na glavu zako zote pia. Ile ya ngozi uliyonunua, kama imejikunja kwenye kiganja hata ikiwa mpya, ni kubwa kwako. Glavu inapaswa kubana hadi kifungo chake kisifike mwisho kikifungwa, kwa sababu ngozi hupanuka inapopata maji, na hapa itapata maji.